LIVE 34: mchezo wa redio ambao kila mpiga kura wa Mombasa angeusikiza

(Mazungumzo niliyoyatoa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya vijana wa maigizo, watangazaji na wazee wa mtaa. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyosema.)

Asalaam aleikum nyote. Shikamooni wazee wangu, habari zenu kina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni ingieni ndani, viti bado vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumze juu ya mchezo mmoja wa redio. Najua wengine wenu mmeona kwenye bango imeandikwa hadithi ya kisayansi mkadhani twaja kuzungumza mashine na viumbe vya ajabu, lakini mchezo wenyewe ni wa uchaguzi, ni wa vipi watu hushawishiwa, na mimi nimeuskiza mara nyingi sana na kila nikiuskiza naona hawa Waingereza walioutunga wameandika kitu ambacho sisi hapa Pwani twakijua kwa ngozi yetu.

Waitwa LIVE 34. Ulitoka 2005, kampuni ya Big Finish ya Uingereza ndo iliyoutoa, hawa watu tangu 1999 wanatengeneza michezo ya sauti ya Doctor Who, ile hadithi ambayo BBC waliianzisha kwenye televisheni 1963 na mpaka leo haijafa. Walioandika ni James Parsons na Andrew Stirling-Brown. Kwa asiyemjua huyu Daktari, ni msafiri asiyekuwa binadamu, anazunguka kwenye nyakati na kwenye sayari, na akifikia kufa habadiliki roho ila hubadilika sura, ndo maana ameigizwa na watu wengi. Humu ni yule wa saba, Sylvester McCoy, na wenzake wawili, Ace anayeigizwa na Sophie Aldred na Hex anayeigizwa na Philip Olivier. Hayo yatosha. Huhitaji kujua zaidi ili uuskize, na nitawaambia baadaye kwa nini asiyejua kitu pengine ana bahati kuliko shabiki.

Sasa skizeni umbo lake, manake utamu wote uko hapo. Mchezo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni matangazo ya stesheni ya redio. Hiyo LIVE 34 ndo jina la stesheni, na inatangazia Koloni 34, mahali ambapo binadamu wamehamia huko mbali. Hakuna msimulizi wa hadithi, hakuna mtu wa kukunong'oneza kwamba fulani ni mbaya fulani ni mzuri. Kuna habari zinazosomwa muda wote, kuna kibwagizo cha stesheni kinachorudi na kurudi, kuna mtangazaji studioni, kuna maripota uwanjani, kuna intaviu, basi. Mtawala wa koloni ni Jaeger, watu wana hofu, mabomu yanalipuka, na uchaguzi umekaribia. Na stesheni inajisifu kwamba inaleta ukweli na haijafungwa mdomo na mtu.

Kwa hivyo wewe msikizaji umewekwa pale pale alipowekwa mwananchi wa koloni. Huoni chochote asichokiona. Mwananchi ana masikio, na wewe una masikio, na yule aliye nyuma ya maiki ndo anachagua kipi kiingie. Katika michezo mingine sisi husimama juu kama malaika tukiangalia wahusika wakidanganyana, tunajua nani ameficha kisu, tunajua barua ilitoka wapi. Humu hujui. Unasomewa habari ya mlipuko, unaambiwa ni magaidi, alafu kinakuja kibwagizo, alafu unaendelea. Na utajikuta, wallahi, unaitikia kwa kichwa.

Ina sehemu nne. Ya kwanza Daktari anaingia, na haingii kama shujaa, anatambulishwa na mtangazaji kama kiongozi wa upinzani aliyekuja kuhojiwa, kama vile sisi hapa tungesema leo asubuhi tuna mheshimiwa fulani studioni. Ya pili ripota anamfuata Ace, na hapo Ace haitwi Ace, anaitwa malkia wa waasi. Ya tatu wanazunguka na Hex ambaye ni mhudumu wa ambulensi. Ya nne ni usiku wa matokeo ya kura. Zaidi ya hapo sisemi, manake nataka mwende mkauskize wenyewe na mwisho wake msiupate kutoka kwangu.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la sauti, manake ndo lililonileta.

Mwamjua Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji. Kijana wa Frere Town hapo ng'ambo, amezaliwa 1940, ametutoka Februari 2025, Mungu amrehemu. Kuanzia miaka ya sitini mzee alikuwa anatuuliza redioni kama huu ni ungwana, watu walikula chakula cha mchana na sauti yake. Sasa tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili asubuhi, wanajeshi wa anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka wanafanya mapinduzi Nairobi. Wana bunduki, wana ndege, na wanajua wanachokosa. Wakaenda mpaka nyumbani kwa Mbotela, wakamchukua, wakampeleka Sauti ya Kenya, wakamwambia tangaza kwamba serikali imepinduliwa. Na akatangaza, angefanya nini na mtutu uko pale. Baadaye siku hiyo hiyo majeshi yaliyokuwa upande wa serikali chini ya Jenerali Mahmoud Mohamed yakaikomboa stesheni, na sauti iliyotangaza kwamba serikali ya Nyayo, ya Rais Moi, iko ni ile ile, ya Mbotela.

Fikirini hilo. Asubuhi mpaka jioni, serikali mbili, sauti moja. Mbona Ochuka hakusoma mwenyewe? Alikuwa na mdomo, alikuwa na karatasi. Ni kwa sababu sauti ya Ochuka hakuna aliyeijua, na sauti ya Mbotela kila nyumba iliijua, ilikuwa imejengwa siku nyingi za amani, siku za salamu na mpira na adabu za kwenye matatu, na imani yote ile waliokuja na bunduki walitaka kuichukua kwa dakika tano tu. Hakuna kosa la Mbotela hapo hata chembe. Nasema hivi kuonyesha wanaotaka kutugeuza nia wanajua kitu ambacho sisi tunaogeuzwa hatukifikirii, kwamba mtu haamini maneno, anaamini sauti, na maneno yanapita nyuma ya hiyo sauti.

Hilo LIVE 34 imelishika kuliko mchezo wowote nilioskiza. Mhusika mkuu wa mchezo si Daktari, ni stesheni. Watangazaji wake si waongo, wanafanya kazi yao, wanauliza, wanasoma, wanasema saa ngapi. Na kwa sababu wanafanya kazi yao vizuri ndo yule anayetaka kutawala ana haja nao.

Wamarekani wamelijua mapema sana. Machi 12, 1933, mabenki ya Marekani yamefungwa, watu wametoa pesa zao kwa hofu, Rais Roosevelt akaingia redioni usiku akazungumza nao taratibu, kama mtu aliyekaa nao sebuleni, akawaeleza benki hufanya kazi vipi na kwa nini pesa zi salama zaidi benki kuliko chini ya godoro. Mabenki yakaanza kufunguliwa kesho yake na watu wakapanga foleni kurudisha pesa. Sauti ilifanya hivyo. Sasa miaka 5 baadaye, Oktoba 30, 1938, Orson Welles na kundi lake kwenye CBS wakacheza ule mchezo wa viumbe kutoka Mars kuvamia Marekani, na wao pia waliupanga kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. Humo ndani kuna mhusika ambaye ni waziri wa mambo ya ndani anazungumza na taifa, mwigizaji Kenneth Delmar akamtolea sauti ya Roosevelt mtupu. Jina ni la waziri, sauti ni ya rais. Mwajua magazeti yalisema nchi nzima ilikimbia mitaani, hilo lilitiwa chumvi sana, magazeti yalikuwa yanagombania matangazo ya biashara na redio na yalipata nafasi ya kuipaka tope. Lakini wapo waliotishika kweli, na Quito, huko Ekuador, Februari 1949 stesheni moja ilipocheza mchezo huo huo kwa Kihispania, watu walipojua wamechezewa waliizingira ile nyumba ya redio na gazeti wakaichoma, na watu walikufa. Kwa hivyo hii sanaa tunayoizungumzia hapa ina uzito, msiichukue kama mchezo wa watoto.

Narudi kwenye LIVE 34. Ile sehemu ya nne, usiku wa matokeo. Sijui kama Muingereza akiuskiza anasikia ninachosikia mimi. Sisi tumeishi zile saa. Maduka yamefungwa Marikiti, barabara ya Digo haina gari, kila kibanda kina redio, hesabu zinasomwa eneo baada ya eneo na mtu mwenye sauti isiyo na hisia yoyote, na kila mtu amenyamaza anajumlisha kichwani. Wenye umri wanakumbuka Desemba 30, 2007, matokeo yakatangazwa na jioni hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya laivu. Laivu ikakatwa, na mara tu ilipokatwa simu zikaanza, jumbe zikaanza, huyu amesikia Likoni kumetokea hivi, huyu amesikia Kisumu kumetokea vile. Sauti inayoaminika ikinyamazishwa watu hawanyamazi, wanatafuta sauti nyingine yoyote iliyo karibu. Na 2022 hapa hapa Mombasa, karatasi za kura za ugavana zilipochanganywa na uchaguzi wa gavana ukasogezwa kutoka Agosti 9 hadi Agosti 29, sisi na Kakamega, zile wiki tulizokaa kusubiri kila baraza ya kahawa ilikuwa na habari yake kamili, na kila mmoja alikuwa ameipata kwa mtu anayemwamini.

Sasa mniruhusu niingie mahali ambapo mchezo huu umenifanya nifikirie sana. Twadhani hadithi za kisayansi ni za wazungu na za wasomi, sisi hazituhusu. Nyinyi mmeshaskizishwa na kuonyeshwa hadithi ya kisayansi na wanasiasa wa nchi hii, ila hamkuambiwa ni hadithi. 2017, kabla ya uchaguzi, kulizuka video kwenye mitandao, ukitafuta habari za uchaguzi kwenye Google tangazo lake lakuja juu kabisa. Inaonyesha Kenya ya 2020, miaka mitatu mbele, Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, ni rais, na nchi imeharibika, vurugu na ugaidi kila kona, picha nyeusi nyeupe za kutisha, sauti nzito inakusimulia yatakayokupata. Haikuwa na jina la aliyeitengeneza. Desemba 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti likasema kazi ile ni ya kampuni ya Harris Media ya Texas. Texas! Mtu amekaa Texas anakutungia mwananchi wa Changamwe ndoto mbaya ya mwaka ambao haujafika. Alafu Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ikaonyesha mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya kushawishi wapiga kura, Mark Turnbull, amenaswa na kamera ya siri akijigamba kwamba chama kilichokuwa kinatawala hapa wamekibadilisha sura mara mbili, wamekiandikia ilani, wamefanya utafiti wa watu 50,000 mara mbili kujua tunaogopa nini na tunataka nini.

Mwaelewa tofauti? Mtunzi wa LIVE 34 amechukua wakati ujao akakwambia hii ni hadithi, kaa chini uskize. Yule wa video amechukua wakati ujao akakwambia hii ni kesho yako. Zana ni zile zile, sauti, ukimya, mlio, hofu. Mmoja amekwambia anachofanya na mwengine amekuficha.

Na sisi hapa hatukuanza jana kushawishiana. Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa mji huu, mtunzi, mtetezi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, walipokuwa wanavutana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na mashairi yake yalikuwa silaha, yalijibiwa na washairi wa upande wa pili na yeye akawajibu tena, mpaka Mazrui walipoanguka 1837 na baada ya hapo. Lakini kila aliyemskiza Muyaka alijua huyu ni Muyaka, wa Mvita, yuko upande huu. Ungeweza kumfuata kwake ukamwambia hapa umekosea. Ushawishi wa aina ile ulikuwa na uso na mlango wa kubisha hodi. Mimi sina ugomvi na ushawishi, siasa bila kushawishiana ni nini, ni rungu tu. Ugomvi wangu ni na sauti isiyokuwa na mwenyewe.

Haya, mapungufu ya mchezo. Yapo na nitayasema wazi manake naupenda.

La kwanza ni huyo Jaeger. Simwamini hata dakika moja. Ubaya wake unasikika mapema mno, na mimi ningetaka mtawala mwenye sauti tamu, mwenye kunifanya nimkubali kwa nusu saa alafu nijishtukie. Wanaotawala kwa kushawishi hawaongei kama wababe, wanaongea kama wajomba. La pili, ile sehemu ya mwisho mambo yamerundikwa, kila siri inataka kutoka kwa wakati mmoja, na ule utaratibu mzuri wa stesheni, ule mwendo wa habari, unapotea kidogo.

La tatu ndo kubwa na ndo niliwaahidi mwanzo. Shabiki wa Doctor Who akiskia sauti ya Sylvester McCoy ikiingia studioni, hajasema neno moja la maana, tayari amemwamini. Anajua huyu ni Daktari, Daktari ni mwema. Kwa hivyo mchezo unaotuonya kuhusu kuamini sauti umesimama juu ya sauti tuliyokwisha kuiamini tangu miaka ya themanini McCoy alipoanza kumcheza. Watunzi hawakutuuliza vya kutosha juu yake. Huyu mgeni amefika lini kwenye koloni, amepata wapi haki ya kuongoza upinzani wa watu ambao si wenzake, na akitumia redio kuwageuza watu nia ana tofauti gani na wengine? Ndo maana nikasema asiyejua kitu ana bahati. Atamskia Daktari kama mwanasiasa tu, atampima kwa anayoyasema, na hivyo ndivyo mwananchi wa koloni anavyomskia. Nyinyi ambao hamjawahi kuskia jina lake kabla ya leo, tafadhali kauskizeni haraka kabla watu hawajawaeleza zaidi.

Kuna mtu hapa mbele ameinua mkono ananiuliza, sawa, redio imetumika kwa ubaya, je mchezo wa redio waweza kumbadilisha mtu kwa wema au ni starehe tu? Swali zuri sana. Mwajua Rwanda. Stesheni ya redio ya RTLM ilianza 1993, na haikuanza kwa kelele, ilianza kwa muziki mzuri, utani, watangazaji wachangamfu, watu kupiga simu, wakati redio ya serikali ilikuwa imekauka. Watu waliipenda kwanza. Yaliyofuata 1994 mnayajua, mauaji ya kimbari ambayo stesheni hiyo iliyachochea, na Desemba 2003 pale Arusha mahakama iliwahukumu wakubwa wake wawili, Nahimana na Barayagwiza, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Sasa nchi ile ile, 2004, ukaanza mchezo wa redio waitwa Musekeweya, vijiji viwili vya kubuni vyagombana juu ya ardhi, kiongozi mmoja awachochea, vijana wawili wa pande mbili wapendana, mambo ya kila siku. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck akachukua vikundi vya watu, wengine wakawa wanaskiza huo mchezo, wengine wanaskiza mchezo wa afya, mwaka mzima. Alichokikuta kinanishangaza mpaka leo. Wale walioskiza Musekeweya imani zao za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona watu wa kwao huishi vipi na wanapaswa kufanya nini, na wakawa wepesi kumpinga mwenzao mbele ya watu. Mwisho wa utafiti kila kikundi kilipewa redio kaseti na kanda. Vikundi vya mchezo wa afya vingi vilisema haya, apewe kiongozi wa kijiji atunze, yakaisha. Vikundi vya Musekeweya vikakaa vikabishana, nani atatunza, tutaskiza siku gani, betri nani atanunua, vikaamua vyenyewe.

Kwangu mimi hayo ni makubwa kuliko kumbadilisha mtu imani. Watu waliobishana juu ya betri bila kumwachia mkubwa, hao wakisomewa taarifa ya uongo redioni, kuna mmoja atasema subiri kwanza.

Kwa hivyo nawaomba, na hili nawaomba kwa moyo wote, tuutengeneze wetu. Si kuiga Daktari. Stesheni yetu ya kubuni, ya mahali pa kubuni, inazungumza Kiswahili cha hapa, ina mtangazaji wa salamu, ina bei ya samaki, ina tangazo la kivuko kuchelewa, na uchaguzi wakaribia. Vifaa si kisingizio, simu mlizoshika zinarekodi vizuri kuliko mashine walizokuwa nazo watu 1938. Kinachotushinda ni chumba. Nyumba zetu za mawe zina mwangwi, ning'inizeni blanketi na leso ukutani, weka godoro nyuma ya anayesoma, zima feni. Sauti ya studioni iwe kavu, ya karibu, na sauti ya ripota uwanjani ibaki na upepo na honi za tuktuk, manake hiyo tofauti ndo itamfanya msikizaji aamini bila kumweleza. Mpeni mtangazaji skripti aisome mara nyingi mpaka aichoke, sauti ya habari ni sauti ya mtu aliyeizoea kazi yake. Na mtawala wenu, kama nilivyosema, awe mtu mtamu.

Jambo moja la hatari nalitaja kabla hatujaachana. Leo mchezo wenye umbo la habari ukitoka, mtu atakata klipu ya sekunde 30 ataitupa WhatsApp, na Kongowea itafika bila mwanzo wala mwisho, mlipuko umetokea, serikali imesema. Welles na CBS mwaka ule walitangaza kwamba ni mchezo mwanzoni kabisa, kisha hawakurudia mpaka walipofika zaidi ya nusu, na waliofungulia redio katikati ndo waliotishika. LIVE 34 ina dawa yake na iko wazi mbele ya macho, kibwagizo na jina. Kila mara wanakutajia stesheni, na jina la koloni halikai mbali. Huwezi kukata kipande kirefu ukalikwepa jina la mahali ambapo hapapo duniani. Kwa hivyo wetu ufanye hivyo hivyo, jina la mji wa kubuni liingie kwenye kila taarifa, kwenye kila salamu ya ripota, na mlio wa kibwagizo usiishe dakika moja bila kusikika hata kwa mbali chini ya maneno. Jina lenyewe tulichague leo. Lisifanane na mtaa wowote wa hapa wala ukoo wa mtu, na liwe jepesi kutamka manake litasemwa mara mia. Wenye mapendekezo waandike kwenye karatasi wampe dada yetu hapo mlangoni, na wenye sauti za kibwagizo wabaki hapa mbele tuwajaribu, tuna muda mpaka Magharibi.